Kiti Kabla ya Jela: Makubaliano ya Spiro Agnew Yatazamwe Upya

Mchana wa tarehe 10 Oktoba 1973, katika mahakama ya shirikisho mjini Baltimore, Spiro Agnew alisimama mbele ya Jaji Walter Hoffman akiwa ameshakuwa raia wa kawaida. Barua yake ya kujiuzulu umakamu wa Rais wa Marekani, barua ya sentensi moja tu, ilikuwa imekwisha kukabidhiwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Henry Kissinger, kama sheria inavyotaka. Hakukiri kosa wala hakulikana. Alipitia mlango ambao sheria ya Marekani humwachia mshtakiwa, ule wa kutamka kwamba hapingi shtaka, na shtaka lenyewe lilikuwa moja: kukwepa kodi ya mapato ya mwaka 1967. Jaji alimweleza wazi kwamba kwa mahakama hiyo kutopinga ni sawa na kukiri, akamtoza faini ya dola 10,000, akamweka chini ya uangalizi wa miaka 3 usiokuwa na msimamizi, na kikao kikaisha. Mtu ambaye asubuhi yake alikuwa hatua moja kutoka kwenye urais akatoka nje na kwenda zake.

Tangu siku ile hukumu hiyo hutajwa kila mara mtu anapotaka kuonyesha kwamba ule msumeno wa sheria, unaosifiwa kukata mbele na nyuma, ukifika kwa wakubwa huwa butu. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa na nitayapa nafasi yake. Lakini kadiri ninavyolipitia shauri hili ndivyo ninavyozidi kuona kwamba aliyeonewa katika kumbukumbu za wengi ni Elliot Richardson, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aliyeyaridhia makubaliano yale. Husimuliwa kama mtu aliyemfungulia mwizi mlango. Mbele yake vilikuwapo vitu viwili, jela ya Agnew na kiti cha Agnew, na hakuwa na namna ya kuvipata vyote viwili kwa wakati.

Simulizi ya Agnew yafaa ianzie kwenye uwakili wake, kwa sababu rushwa yake haikuwa ya mtu asiyejua sheria. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ugiriki aliyeendesha mgahawa mjini Baltimore. Yeye mwenyewe alisomea sheria katika masomo ya jioni kwenye Chuo Kikuu cha Baltimore, masomo yaliyokatizwa na vita barani Ulaya alikotunukiwa nishani, akahitimu mwaka 1947. Hakuwa wakili wa kutajwatajwa. Njia yake ilifunguka mwaka 1957 alipoingia kwenye bodi ya rufaa za matumizi ya ardhi ya Kaunti ya Baltimore, na yeyote aliyewahi kufuatilia siasa za vitongoji vinavyokua kwa kasi anajua bodi ya namna hiyo ina uzito gani: mstari mmoja ukihamishwa kwenye ramani, shamba la mahindi linakuwa kiwanja cha maduka. Mwaka 1962 alichaguliwa kuwa mtendaji mkuu wa kaunti hiyo. Mwaka 1966 akawa gavana wa Maryland, akibebwa na Wademokrati wengi waliomkimbia mgombea wao, George Mahoney, ambaye kampeni yake ilijengwa juu ya kupinga watu weusi kununua nyumba katika mitaa ya wazungu. Wakati huo Agnew ndiye aliyeonekana kuwa mtu wa wastani, na ugavana wake ulileta sheria ya kuzuia ubaguzi katika makazi na kufuta ile ya zamani iliyokataza ndoa za watu wa rangi tofauti. Ni Aprili 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na ghasia zilizofuata Baltimore, ndipo alipowaita viongozi weusi wa jimbo na kuwakaripia hadharani, na Richard Nixon, aliyekuwa akiwania urais, akaona alichokuwa akikitafuta, akamfanya mgombea mwenza wake. Kuanzia hapo mahubiri ya Agnew yakawa utawala wa sheria na utulivu, na aliyahubiri kwa ukali uliomfanya kipenzi cha nusu ya nchi.

Chini ya mahubiri hayo kulikuwa na bahasha. Utaratibu wa Maryland haukutaka wahandisi na wasanifu majengo washindanishwe kwa bei wanapopewa kazi za umma, kwa hoja kwamba utaalamu hauchaguliwi kwa urahisi wake. Hoja hiyo ina maana yake, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kazi ya kuchora daraja au kusanifu mfumo wa maji ilitolewa kwa utashi wa mkubwa mmoja, na kampuni zikajifunza kwamba utashi huo una gharama, ambayo mara nyingi ilitajwa kuwa asilimia 5 ya malipo ya mkataba. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, alipokuwa gavana mgawo uliwekewa utaratibu kama wa kampuni yenye wanahisa: nusu ya Agnew, robo ya rafiki yake Bud Hammerman aliyezunguka kukusanya, na robo ya Jerome Wolff, mwenyekiti wa tume ya barabara ya jimbo, ambaye kwa nafasi yake alijua ni kampuni zipi zinakaribia kupata kazi. Mhandisi mmoja, Lester Matz, alieleza kwamba alimpelekea dola 10,000 taslimu ndani ya bahasha hadi ofisini kwake akiwa ameshakuwa Makamu wa Rais, kulipia deni la kazi zilizotolewa siku za ugavana. Wakili aliyebobea katika kanuni za ardhi alijua vizuri kwamba hapakuwa na kanuni ya zabuni ya kuvunja, na kwamba pasipo na kanuni ya kuvunja, hapabaki karatasi ya kumsaliti.

Agnew alikuwa na utetezi, na nitaupitia haraka kwa sababu haustahili zaidi ya hapo. Katika hotuba yake ya kuaga kwenye televisheni, tarehe 15 Oktoba, alidai kwamba alichofanya ni kuchangisha fedha za siasa kwa njia iliyozoeleka Maryland kwa muda mrefu. Kwamba mazoea yalikuwapo ni kweli kabisa. Uchunguzi uliomnasa ulianza kwa kumfuatilia Dale Anderson, Mdemokrati aliyemrithi kwenye uongozi wa Kaunti ya Baltimore. Lakini mchango wa kampeni hauletwi taslimu kwa mtu ambaye hana kampeni, na mahakamani Agnew mwenyewe alikubali kwamba fedha za mwaka 1967 hazikutumika kwa siasa, na kwamba alijua hivyo alipojaza fomu yake ya kodi.

Waliomfikia ni vijana watatu wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali mjini Baltimore, chini ya George Beall. Huyu Beall huwa anasahaulika isivyo haki. Alikuwa Mrepublikani, ndugu yake alikuwa seneta wa chama hicho hicho kutoka Maryland, na kila hatua aliyopiga kumwelekea Agnew ilikuwa hatua ya kuichoma nyumba yake ya kisiasa. Mapema Julai 1973 yeye na vijana wake walimwendea Richardson wakamweleza walichonacho. Agnew alijulishwa rasmi tarehe 1 Agosti, wiki moja baadaye habari zikawa magazetini, na mwishoni mwa Septemba akawaambia wanawake wa chama chake mjini Los Angeles, kwa sauti ya juu na kwa kushangiliwa, kwamba hatajiuzulu hata akishtakiwa. Siku 11 baadaye alijiuzulu.

Sasa upande wa wanaosema haki ilipotea. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote haihitaji falsafa. Inahitaji kuwaweka watu wawili sambamba. Dale Anderson alikalia kiti kile kile alichokalia Agnew, katika kaunti ile ile, akatuhumiwa kula kwa mtindo ule ule, akachunguzwa na ofisi ile ile. Alifunguliwa mashtaka Agosti 1973, akatiwa hatiani Machi 1974, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Aliyebaki kaunti alifungwa. Aliyepanda hadi Washington alitoka na faini. Mwenye macho ataona kwamba tofauti kati yao si uzito wa kosa, bali ni urefu wa ngazi waliyokuwa wameipanda, na kwamba aliyepanda juu zaidi ndiye aliyekuwa na kitu cha kubadilishana na serikali. Mmoja wa vijana wa Beall, Barnet Skolnik, alipigania kifungo mpaka mwisho kwa sababu hiyo hiyo. Hata Jaji Hoffman alisema pale pale kitini kwamba kwa kawaida wakili akikwepa kodi yeye humpa miezi kadhaa ya jela ili iwe funzo kwa wenzake, na kwamba aliacha desturi yake kwa sababu ya ombi la Mwanasheria Mkuu. Yaani Agnew alipewa nafuu mahakamani kwa kosa ambalo, kwa kuwa alikuwa wakili, lilipaswa kumgharimu zaidi ya raia mwingine. Sioni namna ya kuijibu hoja hiyo ndani ya mipaka yake. Kama swali ni Agnew alistahili nini, alistahili jela.

Lakini Richardson hakuwa anajibu swali hilo peke yake. Kiangazi kile cha 1973, katikati ya kashfa ya Watergate, ile ya watu wa Nixon kuvamia ofisi za chama pinzani, kanda za mazungumzo aliyoyarekodi kwa siri zilikuwa zimefichuliwa, mahakama zilikuwa zikizidai, na mtu mwenye akili timamu katika Wizara ya Sheria hakuweza kupanga mambo yake kana kwamba Nixon angemaliza muhula wake. Katiba ilikuwa wazi: kiti kikiwa wazi, anakikalia Makamu. Na Makamu aliyekuwapo alikuwa mtu ambaye wizara ilikuwa na mashahidi wa kuthibitisha kwamba alipokea bahasha akiwa kazini.

Tuzipitie njia nyingine alizokuwa nazo, kwa sababu lawama nyingi dhidi yake hufumbia macho kwamba kila moja ilikuwa na kalenda yake. Ya kwanza ilikuwa kumwachia Bunge. Tarehe 25 Septemba Agnew mwenyewe aliliomba Baraza la Wawakilishi limchunguze, akiegemea mfano wa John Calhoun, Makamu wa Rais aliyefanya hivyo mwaka 1826, na Spika Carl Albert akakataa kesho yake, kwa sababu jambo lilikuwa tayari mahakamani. Agnew hakuliomba Bunge kwa kupenda kuchunguzwa. Aliliomba kwa sababu uchunguzi wa Bunge ungemeza miezi mingi na huenda ungeigandisha kesi ya jinai. Njia ya pili ilikuwa kumshtaki akiwa kazini. Mawakili wake walikuwa wamekwisha kufungua maombi kwamba Makamu wa Rais hashtakiki kabla ya kuondolewa na Bunge, na tarehe 5 Oktoba Robert Bork, wakili mkuu wa serikali katika Mahakama ya Juu, aliwasilisha majibu kwamba Rais pekee ndiye mwenye kinga hiyo. Suala hilo halikuwa na uamuzi wowote wa awali, na kwa hakika lingekwea hadi Mahakama ya Juu kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa. Njia ya tatu ilikuwa kungoja amalize muhula Januari 1977. Hapo sheria yenyewe ingemwokoa: mashtaka ya kukwepa kodi hufa yakipita miaka 6, na fomu ya kodi ya 1967 iliwasilishwa mwaka 1968.

Rudi kwa Anderson kidogo. Kesi yake, ya ofisa wa kaunti asiyekuwa na kinga yoyote ya kudai, ilichukua miezi 7 kutoka mashtaka hadi hatia, bila kuhesabu rufaa. Ongeza juu yake mabishano ya katiba ambayo hayajawahi kuamuliwa, ongeza mshtakiwa mwenye mawakili hodari na wafuasi mamilioni, kisha uhesabu kuanzia Oktoba 1973. Nixon aliondoka tarehe 9 Agosti 1974. Kwa hesabu yoyote ya kawaida, siku ile ingemkuta Agnew bado ni Makamu, ama akingoja uamuzi ama akiwa katikati ya kesi, na angeapishwa kuwa Rais akiwa mshtakiwa. Waendesha mashtaka wa shirikisho ni watumishi wa Rais. Kuanzia dakika ile, Beall na vijana wake wangekuwa wanamshtaki mwajiri wao, na mwajiri angekuwa na mamlaka ya kuwafukuza kazi.

Au pengine, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, Nixon asingeondoka kabisa. Washington yote ilielewa kwamba Agnew alikuwa bima ya Nixon: wabunge waliomchukia Nixon walimwogopa zaidi aliyekuwa nyuma yake. Seneta wa kawaida mwaka 1974 angeombwa kumwondoa Rais kwa kuficha uhalifu ili ampishe Makamu anayeshtakiwa kwa rushwa. Wangapi wangekubali? Na kama wote wawili wangeanguka pamoja, kiti kingemwendea Spika Albert, Mdemokrati, na mamilioni waliompigia Nixon kura mwaka 1972 wangeambiwa kwamba Bunge la chama pinzani limejitwalia Ikulu. Hayo hatukuyaona, na kwa sababu hatukuyaona tunayahesabu kuwa mepesi. Tulichokiona ni Gerald Ford kuteuliwa tarehe 12 Oktoba, siku 2 baada ya Agnew kuondoka, kuthibitishwa na Seneti kwa kura 92 dhidi ya 3 na na Baraza la Wawakilishi kwa 387 dhidi ya 35, na kuapishwa tarehe 6 Desemba. Kiti kilikaa wazi kwa siku 57. Ilipofika Agosti, kukabidhiana madaraka kulikwenda kwa utulivu kiasi kwamba watu wamesahau kuwa utulivu ule ulilipiwa mapema, katika mazungumzo ya siku chache kabla ya tarehe 10 Oktoba, mengine yakifanyika katika moteli moja huko Alexandria, Virginia.

Kuna hesabu nyingine ya siku ambayo wakosoaji wa Richardson huiruka. Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba, siku 10 tu baada ya Agnew kusimama mbele ya Hoffman, Nixon alimwamuru Richardson amfukuze Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu wa Watergate. Richardson alikataa, akajiuzulu. Kama angesikiliza ushauri wa kukaza kamba wiki mbili zaidi ili apate kifungo, asingekuwapo wizarani kuimalizia kazi. Hakujua kwamba Jumamosi ile inakuja, wala sisemi kwamba alikuwa mtabiri. Ninasema kwamba aliuona upepo, akaanua tanga kabla ya dhoruba.

Halafu zipo zile kurasa 40, ambazo kwangu ndizo kiini cha shauri lote. Kwa desturi mtu anayetamka kwamba hapingi shtaka hununua ukimya: ushahidi unabaki kwenye majalada, umma haujui alichofanya, naye huweza kusema maisha yake yote kwamba alichoka tu kupambana. Richardson alilegeza kuhusu jela, lakini hakulegeza kuhusu hilo. Sharti lake lilikuwa kwamba muhtasari wa ushahidi wote uwekwe kwenye kumbukumbu za mahakama na kutolewa hadharani siku hiyo hiyo, na muhtasari huo, wenye kurasa 40, ulitaja nani alileta, wapi, kwa mkataba upi, na mgawo ulikuwaje. Mawakili wa Agnew walielewa thamani ya kurasa hizo kuliko magazeti yalivyoielewa. Bila hizo, asilimia 5, nusu na robo zake, na bahasha ya Matz vingebaki uvumi.

Nao wale wanaocheka faini ya dola 10,000 wangefanya vizuri kuifungua sheria yenyewe. Kosa la kukwepa kodi wakati huo lilikuwa na kikomo cha kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Agnew alitozwa kikomo. Lililoachwa ni kifungo, si fedha. Na tarakimu za kodi yake zinaeleza zaidi ya faini: mwaka 1967 yeye na mkewe walitangaza mapato ya dola 26,099 na kulipa kodi ya dola 6,416, ilhali mapato halisi, kwa mujibu wa shtaka, yalikuwa dola 55,599 na kodi halali dola 19,967.47. Alichoficha, dola 29,500, kilizidi alichotangaza. Katika mwaka wake wa kwanza wa ugavana, kwa kila dola aliyoionyesha serikali, gavana wa Maryland alikuwa na nyingine, kubwa kidogo, mfukoni. Sijui aya ya hukumu ambayo ingemweleza mtu huyu vizuri kuliko namba hizo mbili zikikaa pamoja, na zilitoka hadharani kwa sababu ya makubaliano yanayoitwa ya aibu.

Yaliyofuata yanadhoofisha zaidi madai kwamba alitoka mikono mitupu kwa adhabu. Mei 1974 mahakama ya juu kabisa ya Maryland ilimfuta kwenye orodha ya mawakili, kwa maneno makali kuhusu ganzi ya dhamiri yake. Cheo kinapotea kwa kura au kwa barua, lakini uwakili ndio aliouhangaikia jioni baada ya jioni kabla hajawa mtu yeyote. Kisha likaja la fedha, ambalo nalipenda kwa namna lilivyoanza: wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha George Washington, wakiongozwa na mwalimu wao, ndio waliosukuma kesi ya walipakodi wa Maryland wakidai rushwa irudishwe kwa jimbo. Wakili aliyefutwa alifikishwa mahakamani na watu ambao hawakuwa hata mawakili bado. Mwaka 1981 aliamriwa kulipa dola 248,735, yaani dola 147,500 za rushwa na zilizobaki za riba, na mwaka 1983, rufaa zilipokwisha, akalipa dola 268,482. Baadaye alijaribu kuomba kwamba malipo hayo yampunguzie kodi. Alikataliwa. Mtu ambaye kosa lake lote lilikuwa kutoitaja rushwa kwenye fomu ya kodi, hatimaye aliitaja, ili apewe nafuu.

Hata hivyo makubaliano yale yana madoa mawili ambayo mtetezi wake hapaswi kuyafunika. La kwanza ni kwamba, pamoja na kurasa 40, hayakumlazimisha Agnew kusema neno. Mwaka 1980 alitoa kitabu cha kumbukumbu akidai hana hatia na kwamba alisukumwa kujiuzulu na watu wa Nixon, hata akadokeza kwamba aliuhofia uhai wake. Alikataa kuzungumza na Nixon tangu alipoondoka, akaonekana tena mazishini pake mwaka 1994. Mwaka 1995 sanamu yake ya kichwa ilizinduliwa katika jengo la Bunge, kama ilivyo desturi kwa makamu wote, naye akahudhuria. Alifariki Septemba 1996 akiwa na miaka 77 bila kukiri. Kesi kamili, yenye Matz na Hammerman kizimbani wakihojiwa na mawakili hodari, ingemwachia nafasi ndogo zaidi ya kukana, na wafuasi wake waliomwamini wasingekuwa na pa kushikilia.

Doa la pili ni zito zaidi, na halimhusu Agnew. Ili kuonyesha kwamba Makamu anashtakika, wizara ililazimika kueleza kwa nini Rais hashtakiki. Tarehe 24 Septemba 1973 idara yake ya ushauri wa kisheria ilitoa waraka wenye msimamo huo: Rais aliye madarakani haguswi na mashtaka ya jinai, Makamu anaguswa. Nusu ya pili ya waraka ndiyo iliyokuwa inahitajika, na ilifanya kazi yake kwa muda wa siku 16, kwa sababu Agnew aliondoka kabla jaji hajauamua ubishi. Nusu ya kwanza ndiyo iliyoishi. Wizara iliithibitisha upya mwaka 2000, na mwaka 2019 Robert Mueller, mwendesha mashtaka maalumu, aliitaja kuwa sababu ya kutofikiria kabisa kumshtaki Rais aliyekuwa akimchunguza. Kuhusu Makamu wa Rais, hoja ya Bork ya tarehe 5 Oktoba bado imo kwenye majalada ya Baltimore bila jibu la mahakama yoyote, kwa kuwa aliyeibisha alikwisha kutoka kwa mlango mwingine siku 5 baadaye.